Huyu ni wa Wapi?

Naishi Minneapolis mwaka wa kumi na nne sasa, nahudumia wazee zamu ya usiku. Wiki ile ya uchaguzi wa Novemba 2024, mwenzangu wa zamu, mama Mzungu mpole ambaye hajawahi kunikosea adabu, aliniambia kuhusu Kamala Harris, mwanamke aliyekuwa akigombea urais wa Marekani: "Mimi nitampigia kura. Ila nchi bado haijawa tayari."

Maneno hayo nimeyasikia mno. Hakuna anayekiri kuwa yeye mwenyewe ndiye hajawa tayari. Siku zote ni jirani, ni watu wa jimbo la pili. Na yanaumiza zaidi wakati wa mchujo wa chama, maana mtu humnyima kura mgombea anayempenda kwa kuhofia kwamba wengine watamnyima.

Kwetu Kwale watu hawazunguki hivyo. Mwaka 2022 Fatuma Achani alipogombea ugavana alikuwa wakili, tena amekuwa naibu gavana tangu 2013. Bado shangazi yangu aliambiwa sokoni Ukunda, kweupe, kwamba mwanamke hapewi kaunti. Shangazi alibishana nao mpaka samaki wake wakaingia nzi. Achani akashinda, akawa gavana wa kwanza mwanamke Pwani nzima. Mwaka huo Kenya ilichagua magavana wanawake saba katika kaunti 47. Mwaka 2017 walikuwa watatu. Marekani ina majimbo 50, na kufikia uchaguzi wa 2024 hapakuwa na hata moja lililowahi kumchagua mwanamke mweusi kuwa gavana. Stacey Abrams alijaribu Georgia 2018, akajaribu tena 2022, akashindwa zote mbili.

Naamini neno la sokoni lina nafuu, kwa kuwa linajibika. Utamjibuje mtu anayekwambia kwamba yeye hana tatizo?

Lakini kuna swali moja nimelikuta kote kuwili: huyu ni wa wapi? Kwetu mwanamke akitaka kiti alikozaliwa, ataambiwa ameshaolewa, aende kwa mumewe. Akienda kwa mumewe, ataambiwa ni mgeni aliyeletwa na ndoa. Wavinya Ndeti aliandamwa na ndoa yake na Mnigeria. Alishindwa ugavana wa Machakos 2013 na 2017 kabla ya kushinda 2022. Mwanamume huulizwa kabila tu. Mwanamke huulizwa kabila, kisha akaulizwa ni la nani, la babake au la mumewe.

Huku rangi ndiyo kabila. Barack Obama, ambaye babake alitoka Kogelo, alishinda 2008, na bado mwaka 2011 akiwa rais ilimbidi atoe cheti kamili cha kuzaliwa kuonyesha kwamba ni mzaliwa wa Hawaii. Harris, mama Mhindi na baba Mjamaika, alisimangwa na Donald Trump Julai 2024 huko Chicago, mbele ya waandishi wa habari weusi, kwamba alikuwa Mhindi kisha ghafla akageuka mweusi. Nilipoisikia hiyo nilimkumbuka kila mwanamke wa kwetu aliyekataliwa nyumba mbili. Nilikasirika kama ninayetukaniwa dada.

Katiba yetu ya 2010 angalau inalitaja deni: jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti. Bunge halijawahi kulilipa, hata baada ya Jaji Mkuu David Maraga kumshauri rais mwaka 2020 alivunje. Na viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, nilivyovishangilia sana, sasa vimegeuzwa fimbo. Mwanamke akitaka ubunge wa eneo huambiwa, "Kiti chenu si kile?" Marekani haina kifungu wala kiti cha namna hiyo, na siwezi kusema hilo limewasaidia wanawake wa huku.

Mpwa wangu anajiandaa kugombea uwakilishi wa wadi 2027. Ana shahada, na kisima cha mtaa ni yeye aliyekihangaikia mpaka kikachimbwa. Juzi alinipigia simu akitoka kwenye kikao chake cha kwanza na wazee. Nikamuuliza walitaka kujua nini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Wameniuliza nimeolewa wapi."