Maboksi mawili, namba moja

Chukua boksi la Samsung 870 EVO na la 870 QVO, SSD (diski za chipu, zisizozunguka) zote za terabaiti 1, uyapange juu ya kaunta. Yote mawili yanakwambia kitu kilekile: kusoma hadi megabaiti 560 kwa sekunde, kuandika hadi 530. QVO imeingia sokoni kama ndugu wa bei nafuu. Mteja atauliza aongeze hela ya nini, na muuzaji mara nyingi hana jibu zaidi ya "hii ndiyo kali, kaka".

Jibu limo ndani ya chipu. EVO inahifadhi biti 3 katika kila seli, yaani kichumba kidogo cha data, QVO biti 4. Biti moja tu imeongezeka, lakini seli sasa inatakiwa kutofautisha viwango 16 vya umeme badala ya 8, na kuandika kwa uangalifu wa namna hiyo kunakula muda. Kwa hiyo diski hutenga eneo ambalo seli zake zinaandikwa biti mojamoja, chapuchapu, halafu mzigo unahamishwa taratibu mashine ikitulia. Kwenye QVO ya terabaiti 1, eneo hilo ni la GB 42. Likijaa, kwa vipimo vya Samsung wenyewe, kasi ya kuandika inashuka hadi megabaiti 80. Diski nyingi za kuzunguka, zile tunazozitupa, zinaandika haraka kuliko hapo.

Tupige hesabu. Unahamisha GB 100 za video kutoka diski nyingine yenye kasi. EVO inamaliza kwa dakika 3 na ushei. QVO inakwenda nayo sambamba kwa sekunde 80 hivi, kisha inaanza kutambaa: GB 58 zilizobaki zinachukua dakika 12. Jumla zaidi ya 13. Na diski ikikaribia kujaa ni balaa zaidi, maana eneo la haraka linabaki GB 6 tu.

Kwa hesabu hiyo wengi wanaifuta QVO papo hapo. Mimi nasita. Mpiga video wa harusi anayeshusha GB hizohizo kutoka kwenye kadi ya kamera ya kawaida, ya aina ya UHS-I, hawezi kupata zaidi ya megabaiti 104 kwa sekunde, maana hapo ndipo kadi inapoishia. Akiwa na EVO atasubiri dakika 16; akiwa na QVO, 19. Hizo dakika 3 ndizo tofauti yote, na wakati huo yeye yuko kwenye chai. Mwanafunzi au karani wa ofisi ndiyo kabisa, ataandika lini GB 42 kwa mkupuo? Hata hofu ya diski kuchakaa imetiwa chumvi. QVO hiyo imekadiriwa kuandikwa terabaiti 360. Kwa GB 20 kila siku ni miaka 49. Linalonikera ni dhamana: miaka 3 kwa QVO, 5 kwa EVO. Hapo kampuni imesema neno bila kulisema.

Sasa wapo wanaoona mjadala huu umepitwa na wakati: nunua NVMe, SSD za aina mpya zenye njia pana zaidi ya data, yaishe. Samsung 990 PRO inasoma megabaiti 7,450 kwa sekunde, mara 13 ya EVO. Kwa mhariri wa video nzito sina ubishi, hela yake inarudi. Lakini anayetegemea Windows iwake mara 13 haraka atakaa akingoja. Kuwasha mashine au kufungua programu ni kusoma vipande vidogovidogo, ombi moja baada ya jingine, na kwa kazi hiyo EVO imetajwa kumudu maombi 13,000 kwa sekunde, 990 PRO 22,000. Haifiki hata mara mbili. Ile namba ya maombi zaidi ya milioni moja inayotamba kwenye matangazo inapatikana kwa foleni ndefu ya maombi. Ni benki yenye madirisha 32. Ukiwa mteja peke yako, unahudumiwa na dirisha moja.

Wa kumlaumu basi ni nani? Boksi halidanganyi, neno "hadi" limeandikwa palepale. Ila mwaka 2021 Western Digital walibadilisha chipu ndani ya SSD yao ya Blue SN550 huku jina likibaki lilelile, na kasi baada ya eneo la haraka kujaa ikashuka kutoka megabaiti 610 hivi hadi 390. Aliyenunua kwa kusoma majaribio ya mwaka uliotangulia alipata kitu kingine. Hilo silitetei.

Mwenye kompyuta mpakato ya zamani yenye nafasi ya inchi 2.5 tu, achukue SSD ya SATA, aina ya hizo EVO na QVO, bila unyonge. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote ndiko kuna mruko wa kweli. Mwenye nafasi ya NVMe achukue NVMe ya kati. Na fundi akikuonyesha CrystalDiskMark, programu ya kupima kasi ya diski, ikimeremeta, tazama ukubwa wa jaribio: kwa kawaida ni GB 1, mzigo ambao QVO inaumeza bila hata kutoa jasho. Mwambie aweke 64, kisha msubiri pamoja.