Krismasi Yangu ya Kilomita Sufuri

Kuna watu wanaoharibu Krismasi kwa pombe. Mimi niliiharibu kwa hesabu. Tarehe 20 Desemba niliamka mapema nikaenda steji kuulizia nauli ya kwetu Kakamega. Siku za kawaida ni 1,500. Makanga alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Mzee, leo ni 3,500. Na ukikaa hapo kufikiria, itakuwa 4,000." Nikafikiria. Ikawa 4,000 kweli.

Sisi ni watu wanne. Neema ana miaka sita, mwembamba kama ufagio, nikaomba apakatwe. Makanga akaniambia Desemba hakuna kupakatwa, Desemba hata kuku analipa kiti. Mara nne, 16,000, na hiyo ni ya kwenda tu. Hapo sijanunua sukari, majani ya chai, mkate, wala ile leso ambayo shangazi amekuwa akinikumbusha tangu Agosti. Sijakutana pia na wale vijana wa pale sokoni wanaokuita "mkubwa" hata kama umeshuka ukiwa na mfuko mmoja wa plastiki. Kisha unarudi Nairobi, Njaanuari amekaa mlangoni na landilodi mkono wa kulia, karo mkono wa kushoto.

Nikampigia Mama simu. Nikamwambia kazi imebana.

"Sawa, baba," akasema.

Wanaoijua ile "sawa" ya mama wanaijua. Ni afadhali mtu akutukane ukajua umetukanwa.

Basi Krismasi ikatukuta hapa hapa Umoja. Tukala kuku na chapati, tukawasha runinga, na kwenye runinga kukawa na theluji. Theluji kila idhaa! Wanangu wameiona theluji mara nyingi kuliko walivyoiona Kakamega. Hata kwenye duka kubwa la karibu walikuwa wamemwaga pamba chini ya mti, na kando yake wamemkalisha kijana wa watu ndani ya koti jekundu na ndevu, jua la saa nane likimchemsha polepole kama githeri. Mimi nauliza tu: baridi yetu sisi huja Julai, tunavaa masweta mawili na kukohoa hadi Agosti, mbona hakuna anayetuimbia wimbo wowote?

Jioni Mama Boni akaweka simu chini. Ukiona mke wangu ameweka simu chini, jua kuna gharama inakuja.

"Baba Boni, kesho twende tukaone sanaa."

"Sanaa ya nani?"

"Nimesoma kwamba ng'ambo, wakati wa likizo za baridi, familia huenda makumbusho ya sanaa. Wanatembea mle ndani, wanaona picha, wanafurahi."

"Hao wanakimbia baridi. Sisi tutakuwa tunakimbia nini?"

"Wewe? Unamkimbia mama yako."

Nikanyamaza. Ili kunimaliza kabisa, akaniambia tarehe 26 ni siku ya utamaduni. Hapo nikapinga, kwa sababu mambo ya serikali nayafuata. Ni kweli Boxing Day iliwahi kubadilishwa ikaitwa Siku ya Utamaduni. Kisha utamaduni ukahamishwa ukapelekwa tarehe 10 Oktoba, Boxing Day ikarudishiwa jina lake, na juzi 2024 hiyo ya Oktoba nayo ikageuzwa Siku ya Mazingira. Kwa hivyo utamaduni wetu kwa sasa hauna tarehe, umehamishwa nyumba mara moja kisha ukatolewa vyombo nje. Nilieleza haya yote vizuri sana. Asubuhi nikajikuta nimevaa shati la harusi ya watu, niko ndani ya matatu kuelekea mjini.

Tulishuka tukapanda Kenyatta Avenue kwa miguu. Barabara tupu, kila mwenye nauli yuko kwao. Pale kona ya Koinange Boni akasimama kwenye ule mnara wa mawe ambao nimepita miaka 15 nikidhani ni wa maji. Kumbe ni wa Galton-Fenzi, mzungu wa kwanza kuendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwaka 1926. Mnara umeandikwa umbali wa miji ya mbali huko na kule. Boni anasoma kwa sauti, mimi kila umbali naugeuza nauli kichwani. Nikamwambia tuendelee, huyu mzee alisafiri bila makanga, hatuna la kujifunza kwake.

Jumba la sanaa lenyewe ni lile jengo la mawe karibu na Nyayo House, penye njia panda ya Uhuru Highway. Nairobi Gallery. Wazee wanalijua kama ofisi ya PC, yaani mkuu wa mkoa. Lilijengwa 1913, na humo ndimo watu walikuwa wakiandikisha waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Ukiwaza vizuri, mkoloni alikuwa amerahisisha mambo. Alikupokea, akakuoza, akakufuta kwenye daftari, yote chini ya paa moja. Mimi nilicheka peke yangu. Mama Boni hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya chumba akinitazama.

"Kwa hivyo watu walikuwa wanakuja hapa wanaandikiwa ndoa?"

"Zamani hizo."

"Wanapewa cheti?"

"Mama Boni, tazama ile picha."

Miaka 13 ya njoo-tukae, nimeivusha salama mbele ya wazee wa kwao, mbele ya pasta na mbele ya dada zake wawili wenye midomo. Nimekuja kushikwa na kuta! Nikakaza macho kwenye kinyago kimoja ili nisikutane na yake. Kinyago nacho kina paji lile lile la landilodi wangu, na kile kitazamo cha tarehe tano. Nikajikuta nimekiamkia.

Vitu vingi mle vilikuwa vya Joseph Murumbi na mkewe Sheila. Huyu Murumbi alikuwa makamu wa rais mwaka 1966, wa pili tangu tupate uhuru, na hakumaliza hata mwaka. Alijiuzulu! Nilimrudisha Boni nyuma asome tena, nikidhani amekosea. Mkenya, ana bendera kwenye gari, anajiuzulu, halafu anaenda kukusanya vinyago, vitambaa, shanga na stempu. Pale mtaani kwetu mwenyekiti wa chama cha kununuliana sufuria amekataa kuondoka kwa miaka sita, na sufuria zenyewe hatujaziona.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Murumbi alijaza nyumba vitu vya kale na mkewe akamsaidia kujaza. Mimi nilileta redio moja, moja tu, ya mwaka 1982, yenye kesi ya mbao. Ikaitwa takataka. Ikapewa mtu wa chuma kuukuu kwa beseni.

"Murumbi hakuwa akiishi chumba kimoja," akasema Mama Boni kabla sijafungua mdomo. Ameishi nami sana.

Na vitabu je? Mzee huyo aliacha zaidi ya vitabu 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, na viko Jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Pale ninapajua kuliko sebule yangu. Nimengojea watu pale, nimedanganywa pale, nimedai madeni pale. Nairobi nzima hukutana pale nje. Kuingia ndani, sijawahi, na sijawahi kusikia mtu akisema tukutane ndani.

Hapo mke wangu, ambaye sijui amesoma haya yote saa ngapi na mimi ndiye ninayenunua bando, akaanza kutueleza habari za Rosemary Karuga, aliyemaliza masomo ya sanaa Makerere miaka ya hamsini. Huyo mama alikuwa akitengeneza picha kwa kukatakata makaratasi na kuyabandika, na miongoni mwa makaratasi hayo ni pakiti za unga na za sabuni. Akabandika hadi jina lake likafika ng'ambo. Boni akanigeukia.

"Baba, si sisi tuna pakiti nyingi za unga?"

"Tulikuwa nazo," nikamwambia. "Tuliwashia jiko."

Nilitoka mle nimepiga hesabu nyingine. Pakiti tatu kwa wiki, miaka 13. Nimechoma jumba zima la sanaa nikichemsha maji ya kuoga.

Nje tukatafuta kivuli tukafungua chapati za jana. Watoto wakaanza kulia wanataka Uhuru Park, ambayo iko hapo ng'ambo ya barabara, inakucheka. Nikawaambia wamalize kwanza. Neema akaenda kuzunguka, akarudi amemshika kaka yake mkono, na Boni ana ule uso wa kugundua kitu.

"Baba, hapa ndipo palikuwa sufuri! Mahali pa kuanza kuhesabu. Walikuwa wanapima umbali wote wa Kenya kuanzia hapa."

Nikaacha kutafuna. Kwa hivyo nchi nzima imefunga mizigo imekwenda kwao, na mimi nimevaa shati la harusi, nimepanda matatu, nimepanda Kenyatta Avenue kwa miguu, nimekuja kusherehekea kwenye sufuri. Hata mita moja sijaenda. Ningebaki Umoja ningekuwa angalau nimetoka kilomita kadhaa, ingawa ni upande usiofaa.

Simu ikalia. Mama.

"Baba, mko wapi? Nasikia magari."

"Tuko barabarani, Mama." Na si uongo. Ile Uhuru Highway ukiishika vizuri, ukashika Waiyaki Way, usipinde popote pa kijinga, inakufikisha kwetu.

"Mmetoka?"

"Tuko... tuko mwanzoni."

Kabla sijajipanga Neema akaninyang'anya simu. "Kukhu! Tuko sufuri!"

Kukawa kimya kidogo. Nikasikia Mama akimwambia mtu aliye karibu naye azime redio.

"Mpe baba yako," akasema. Nikashika simu. "Hii Sufuri iko upande gani wa Nakuru?"

"Upande huu, Mama."

"Basi mko karibu. Nimfunge yule jogoo kabisa, au nimwache atembee mpaka saa kumi na mbili?"

Nikamtazama Mama Boni. Alikuwa anafunga mfuko wa chapati, polepole, kwa mafundo mawili, kama mtu anayejiandaa kusafiri.