Wimbo Usiohitaji Huruma ya Rais

Ndugu zangu walioko Tanzania huniambia kwamba sisi tunaoishi Uingereza tuna bahati, kwa kuwa huku msanii humsema mtawala hadharani kisha akaenda kulala kwake kwa amani. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayajamaliza habari.

Februari 2018, katika utoaji wa tuzo za muziki za Brit jijini London, mwanamuziki wa kufokafoka Stormzy alisimama mbele ya kamera za televisheni akamuuliza Waziri Mkuu Theresa May fedha za waathirika wa jengo la Grenfell ziko wapi, miezi minane baada ya moto uliowaua watu 72 katika ghorofa lile. Hakuna aliyemkamata, kesho yake ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo iliyolazimika kujibu. Hata hivyo, hadi Novemba 2017 polisi wa jiji hilohilo walikuwa na fomu iitwayo 696, ambayo waandaaji walitakiwa kuijaza siku 14 kabla ya onyesho, wakiandika majina halisi na ya kisanii ya waimbaji, anwani za nyumbani na namba za simu. Hapo mwanzo iliuliza hata watakaohudhuria ni watu wa asili gani. Waliobanwa zaidi ni vijana weusi wa grime, muziki wa kufokafoka uliozaliwa London. Januari 2019, wasanii wawili wa drill, mtindo mwingine wa kufokafoka, Skengdo na AM, walipewa kifungo cha miezi tisa kilichoahirishwa kwa kukiuka amri ya mahakama, na ukiukaji wenyewe ulikuwa kuimba wimbo jukwaani. Mwenye jina kubwa anasikilizwa. Kijana wa mtaa wa pembezoni anaandikiwa faili.

Nyumbani, Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ikaufungia. Mara Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, msanii aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia, na furaha yao naielewa, ila mimi naona hapo ndipo penye tatizo letu, kwa sababu haki iliyotolewa kwa hisani ya mkubwa huweza kuondolewa siku mkubwa huyo akiamka amenuna. Haikupita hata wiki mbili, mwanamuziki Roma Mkatoliki na wenzake wakachukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio za Tongwe, Dar es Salaam, wakaonekana siku tatu baadaye wakiwa na majeraha.

Ninachokitamani kwa Waingereza, basi, si upole wa viongozi wao. Ninachokitamani ni kwamba fomu 696 iliandikwa, ikasomwa, ikapingwa kwa miaka mingi na wanamuziki na wenye kumbi, hatimaye ikafutwa. Waliomchukua Roma hawakuacha karatasi ambayo mtu angeweza kuipinga. Na mwaka 2024, chini ya rais mwingine, Nay wa Mitego aliitwa tena na BASATA kujieleza, safari hii kwa wimbo wa "Nitasema".