Swichi ya Ukutani Haina Huruma

Jamani, hivi nani aliwaambia watu wa steshenari kwamba kioo kikiwa cheusi basi kompyuta imeshazimwa? Jioni ikiingia Mwanga, hapa Kigoma, swichi za ukutani zinapigwa ta! ta! ta!, na muhtasari wa kikao cha kijiji, kurasa 12, ndiyo kwaheri. Asubuhi mteja huyo mlangoni, na hela kalipa jana.

Wanabonyeza Sleep, ule usingizi mwepesi wa Windows, wanajisifu. Sleep inaacha kazi yote kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM bila umeme haikumbuki hata jina lake. Hibernate ndiyo inayonakili yaliyomo kwenye RAM hadi diski, kwenye faili lililofichwa ndani ya diski C, hiberfil.sys, kisha mashine inazima kweli. Hapo chomoa waya, nenda zako Ujiji ukale migebuka, rudi wiki ijayo. Ukiwasha, Windows inalisoma faili hilo, inarudisha kila kitu kwenye RAM, draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, zinaviamsha, na kishale unakikuta kinapepesa palepale kwenye neno “mwenyekiti”.

Sasa itafute hiyo Hibernate kwenye menyu. Imefichwa kama sukari kwenye nyumba yenye watoto! Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, kwa Run as administrator, andika powercfg /hibernate on. Kisha Control Panel, Power Options, “Choose what the power buttons do”, bonyeza ule mstari wa “Change settings that are currently unavailable”, weka tiki kwenye Hibernate, hifadhi. Hatua zote hizo kwa ajili ya usingizi.

Halafu kuna bwana aliyejaza diski kwa video za harusi. Faili la Hibernate kwa kawaida linachukua asilimia 40 ya RAM, yaani GB 3.2 kwa RAM ya GB 8. Yeye anaandika powercfg /h off, anaizima Hibernate na kulifuta faili lake, apate nafasi ya harusi nyingine.

Na flash ya mteja itoeni kwanza, maana mashine ikiamka itaamini bado ipo.

Umeme ukikatika, UPS, lile boksi la betri ya akiba, inalia pii, pii. Diski ya kuzunguka inaandika kama MB 100 kwa sekunde. Bonyeza Hibernate, nusu dakika hivi inatosha kuandika faili hilo la GB 3.2. Lakini wapi! Mwenye duka “anamalizia kopi moja tu”, na printa ya leza kaichomeka kwenye UPS hiyohiyo. Printa inavuta moto mara moja, UPS inakata roho, faili limeandikwa nusu, na nusu haiamki.