Dizeli ya Lami, Njia ya Vumbi

Wiki hii tangazo limezunguka kwenye magrupu ya Tabora mpaka limechosha: "Madereva wa semi wanahitajika haraka. Leseni ya daraja E. Wapya karibuni, tutawaelekeza. Mshahara mnono na posho juu." Chini yake vijana wamemwaga namba za simu kama wamesikia sukari imeshuka bei. Mnono kiasi gani, hakuna aliyeuliza. Na swali la maana kuliko yote, yaani mafuta mnapimaje, halikuulizwa kabisa.

Dereva mpya asitegemee gari jipya. Atapewa lile lililoegeshwa pembeni ya ukuta, ambalo dereva wake "aliacha kazi". Kabla ya hapo atajaribiwa palepale yadi: unganisha tela, rudi nyuma, liingize pale. Wengi wanaaibikia kwenye kuunganisha, na kinachowaponza ni papara. Kichwa kikishaingia chini ya tela na mlio wa kufunga ukasikika, hiyo si ruhusa ya kuondoka. Acha breki za tela zimeshika, weka gia ndogo, vuta kidogo. Likigoma kuachia, shuka na tochi, chungulia chini uone taya za kichwa zimeikumbatia pini ya tela na hakuna mwanya kati ya meza ya kichwa na bamba la tela. Unganisha mipira ya upepo na waya wa taa. Ndipo unapandisha miguu ya tela. Anayepandisha miguu kwanza, tela litampigia magoti mbele ya mafundi, na hadithi itamtangulia mpaka Nzega.

Baada ya hapo wataleta karatasi ya kukabidhiwa gari, usaini haraka kwa sababu "mzigo unasubiri". Mzigo usubiri. Semi ya ekseli sita, yaani mihimili sita ya magurudumu, ina tairi 22: mbili za usukani, nane za kichwa, kumi na mbili za tela. Kila tairi ina namba zake ubavuni. Zipige picha zote, na spea pia. Tairi nzima huondoka usiku na kipara kikarudi mahali pake, na siku hiyo karatasi yenye sahihi yako itasema ulipokea tairi 22 nzuri. Hesabu jeki, spana ya magurudumu, turubai, mikanda, mtungi wa kuzimia moto. Ambacho hakipo kiandikwe hakipo.

Sasa twende kwenye mafuta, maana hapo ndipo damu inapochemka.

Ofisi nyingi zina kiwango kimoja cha dizeli. Kimepangwa na mtu aliyekaa Dar, kwa safari za lami, tena pengine kwa gari lililokuwa jipya wakati huo. Tuseme kiwango ni kilomita 2.2 kwa lita. Wewe unatumwa kufuata tumbaku kwenye maghala yaliyo ndani kabisa ya Kaliua, au kupeleka saruji vijiji vya Uvinza, kilomita 400 za vumbi kwenda na kurudi. Ofisi inapiga hesabu: lita 182. Haya, ingia njiani. Unakwenda kwa gia ndogo, kila shimo unapunguza, kila ukipunguza unaanza upya kuliondoa dude la tani 40. Kati ya Novemba na Aprili ongeza tope: magurudumu yanazunguka, gari haliendi. Ukipata kilomita 1.6 kwa lita umejitahidi, na hapo umeshakula lita 250. Lita 68 zimezidi. Bado kwenye foleni ya kushusha umekaa kwa muda wa saa kumi injini ikiunguruma, na injini kubwa hata ikisimama tu inaweza kunywa karibu lita 3 kwa saa.

Ukirudi, simu ya kwanza: "Dereva, lita zangu umeziuza wapi?"

Umeziuza! Barabara imekunywa, lakini barabara haina mshahara wa kukatwa.

Haya, nikubali, japo kwa shingo upande: wapo wanaouza. Vidumu vya kando ya njia havijazwi na malaika, na tajiri aliyeibiwa mara tano hawezi kumwamini wa sita. Lakini mwizi anajulikana kwa kipimo cha haki, na kipimo cha haki kipo: tangi lijazwe pomoni mbele yako kabla ya safari, lijazwe tena pomoni ukirudi, kilomita zisomwe kwenye dashibodi mara zote mbili. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizotumia. Kijiti cha kupimia kwenye tangi lililoegeshwa kiubavuubavu hakithibitishi kitu. Njia ngeni ipimwe kwanza, msimamizi akiwa ndani ya gari, kisha kiwango cha njia hiyo kiandikwe. Kampuni inayokataa hilo haitafuti mwizi, inatafuta wa kumlipisha.

Na hata ikitokea umekosea kweli, mshahara si shamba la bibi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata fidia ya hasara kwa sababu tu amekasirika. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie chanzo chake, kiasi na namna alivyokokotoa, akupe nafasi ya kujitetea, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara wako. Robo! Wapo vijana wanaopokea bahasha yenye shilingi elfu kumi na bado wanasema "ahsante bosi". Lalamiko la makato linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kwa kufukuzwa kazi ni siku 30. Hapo mkataba wa maandishi na picha ulizopiga ndivyo vitakavyokutetea.

Mshahara na posho ni vitu viwili. Kazi hii inapenda mshahara mdogo na posho kubwa, halafu michango ya NSSF, ya mafao yako ya baadaye, inapigwa kwenye kimshahara hicho. Uliza pia utingo analipwa na nani. Usipouliza, utagundua analipwa na tumbo lako.

Mizani ya barabarani nayo itakufundisha kwa fedheha. Jumla ya uzito inaweza kuwa sawa kabisa na bado ukazuiwa, kwa sababu wanapima makundi ya ekseli: usukani tani 8, ekseli mbili za kichwa tani 18, tatu za tela tani 24. Wapakiaji wanapenda kurundika mbele. Mifuko 40 ya saruji ni tani 2. Ikihamishwa nyuma, gari lilelile linapita. Dizeli nayo ina uzito: lita 600 ni karibu nusu tani, na yote inakalia upande wa kichwa.

Breki: kila asubuhi toa maji kwenye mitungi ya upepo. Kwenye mteremko wa Sekenke shuka na gia uliyopandia, kabla pedali haijaanza kuwa laini. Ukibadilisha tairi, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100; nyingi zinazochomoka zilikazwa mara moja tu. Kupumzika ni saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, kwa mujibu wa Sheria ileile ya Ajira. Msimamizi atacheka ukimwambia. Mwambie hivyohivyo.

Anayepangiwa Burundi kupitia mpaka wa Manyovu ajue kuna kadi mbili za njano. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano na ni yako wewe. Nyingine ni bima ya COMESA, umoja wa kibiashara wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, na ni ya gari, kampuni ndiyo inayoitafuta. Msimamizi akikwambia "kadi ya njano unayo", muulize ipi.