Upepo unaovuja kiwandani: meneja anayesitasita ana hoja

Kila baada ya miaka mitatu, kiwanda cha Kenya kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 za umeme kwa mwaka hulazimika kukaguliwa matumizi yake ya nishati. Ndivyo zinavyotaka Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012, ambazo pia zinadai angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa na mkaguzi itekelezwe. Mkaguzi huja na kifaa cha kunasa sauti ya matundu kwenye mabomba ya upepo wa kompresa, yaani hewa iliyoshinikizwa inayoendesha mashine, akazunguka siku moja au mbili na kufunga kikadi chekundu kwenye kila tundu, kisha akaacha ripoti yenye jedwali ambalo mameneja wengi wameshalizoea: namba ya tundu, lita za upepo zinazopotea kwa dakika, uniti kwa mwaka, shilingi kwa mwaka. Chini kabisa kuna jumla yenye sifuri nyingi. Miezi sita baadaye ukipita sakafuni unavikuta vile vikadi vyekundu vikining'inia palepale, vimefifia, na upepo bado unatoka tsss.

Maelezo ya kawaida ni kwamba huo ni uzembe. Fundi hajali, meneja hajui bei ya umeme, mwenye kiwanda anangoja kitu kiharibike kwanza. Uzembe upo, sikatai. Lakini kelele zote zimeelekezwa kwa fundi na meneja, na hesabu ya ripoti haiguswi na mtu.

Tuwape wakaguzi haki yao, maana jambo lenyewe si la kubuni. Upepo wa kompresa ni miongoni mwa nishati ghali kabisa kiwandani: sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye kompresa hutoka kama joto, na kazi inayofanyika kwenye mashine mwishoni ni kama sehemu moja ya kumi tu. Wizara ya Nishati ya Marekani imeandika kwa miaka mingi kwamba uvujaji unaweza kula asilimia 20 hadi 30 ya upepo wote unaozalishwa, wakati kiwanda kinachotunzwa vizuri huushikilia chini ya 10. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye presha ya bar 7 hupitisha upepo wa lita 10 hivi kwa sekunde, na kuuzalisha kunahitaji kilowati 3 hadi 4. Hilo ni tundu ambalo katikati ya kelele za mashine sikio linaweza lisilisikie. Kifaa cha mkaguzi hulinasa kwa sababu upepo unaopenya kwenye tundu dogo hutoa pia mlio wa juu sana, karibu na kilohezi 40, mara mbili ya kiwango cha juu ambacho sikio la binadamu linaweza kukifikia, na ngurumo za kiwandani nyingi ziko chini ya hapo.

Na uvujaji una tabia ya kujizalisha. Presha ikishuka mwisho wa laini, opereta analalamika, fundi anapandisha presha kwenye kompresa. Kila bar 1 inayoongezwa hupandisha umeme wa kompresa kwa takriban asilimia 7, na matundu yaleyale sasa yanavuja zaidi kuliko jana kwa sababu yanasukumwa na presha kubwa zaidi. Yeyote aliyefanya kazi kwenye chumba cha kompresa ameuona mzunguko huu.

Hadi hapo niko upande wa wakaguzi. Kasoro inaingia pale lita zinapogeuzwa kuwa shilingi.

Chukua kompresa moja ya skrubu ya kilowati 75, na tuseme inafanya kazi saa 6,000 kwa mwaka, uniti moja ikiwa shilingi 20. Inabeba mzigo, yaani inazalisha upepo, asilimia 80 ya muda, na asilimia 20 iliyobaki inakimbia tupu bila kutoa upepo. Mkaguzi anagundua matundu yanayokula upepo sawa na asilimia 20 ya uwezo wa kompresa. Anaandika: asilimia 20 ya kilowati 75 ni kilowati 15, mara saa 6,000 ni uniti 90,000, kwa hiyo zibeni mtaokoa shilingi milioni 1.8 kwa mwaka.

Meneja anaziba, bili inakuja, milioni 1.8 haionekani. Imeenda wapi? Kompresa inayokimbia tupu haijazimwa. Mota inazunguka, mafuta yanazunguka, na mita inahesabu, mara nyingi robo hadi theluthi ya umeme wa mzigo kamili. Tukichukua asilimia 30, basi kabla ya kuziba kompresa ilikuwa inatumia wastani wa kilowati 64.5. Baada ya kuziba inabeba mzigo asilimia 60 ya muda na kukimbia tupu 40, wastani kilowati 54. Tofauti ni kilowati 10.5, wala si 15. Milioni 1.8 imeshuka hadi milioni 1.26, na hapo kila tundu limezibwa kikamilifu, jambo ambalo halitokei.

Hiyo ndiyo hali nzuri. Zipo kompresa, hasa za zamani, zinazopunguza upepo kwa kukaba mlango wa kuvutia hewa. Za aina hii hata zisipotoa upepo wowote bado hutumia kama asilimia 70 ya umeme wake. Piga hesabu ileile: kwenye asilimia 80 ya mzigo inakula kilowati 70.5, kwenye asilimia 60 inakula 66. Umehangaika na matundu yote yale, umenunua koplingi na mipira mipya, umesimamisha laini, na umepata kilowati 4.5. Ripoti ilisema milioni 1.8; mita itakuonyesha 540,000. Kompresa yenye mota ya kubadilisha kasi ingeikaribia zaidi ile ahadi.

Nimeing'ang'ania hesabu hii kwa sababu ndiyo inayoamua nani mzembe. Meneja aliyewahi kutekeleza ripoti moja ya namna hii, akaona theluthi tu ya alichoahidiwa, hatakimbilia kutekeleza ya pili. Hawezi kulieleza kwa kilowati pengine, lakini anajua kwamba alidanganywa kidogo. Tunamwita mkaidi.

Kuna na tangi. Kompresa ya skrubu ikiacha kubeba mzigo haishuki papo hapo hadi ile asilimia 30; presha iliyomo ndani yake, kwenye tangi la mafuta, inabidi itolewe taratibu, na hilo linaweza kuchukua nusu dakika au zaidi. Kiwanda chenye tangi dogo la upepo kinairudisha kompresa kazini kabla haijamaliza kupumua. Inapanda, inashuka, inapanda, haifiki chini hata mara moja. Hapo hata zile kilowati 10.5 ni ndoto. Tangi kubwa zaidi la upepo huenda lingesaidia kuliko kuziba nusu ya matundu, ila tangi halina kikadi chekundu cha kupigia picha.

Bei ya umeme nayo imerahisishwa kupita kiasi. Tangu Desemba 2017 viwanda vya Kenya vimekuwa na utaratibu wa kulipia nusu bei kwa matumizi ya usiku yanayovuka kiwango fulani. Tundu halilali, kwa hiyo sehemu ya upepo linaoupoteza inaweza kuangukia kwenye saa hizo za bei nafuu. Ripoti inayozidisha kila uniti kwa bei ya mchana imejiongezea tena.

Nije kwenye jambo ambalo mkaguzi wa siku mbili hawezi kuliona. Baadhi ya matundu yamewekwa na watu kwa akili zao timamu. Mfano mzuri ni valvu ya dreni, ile ya kutolea maji, iliyoachwa wazi kidogo chini ya filta au tangi. Kifaa kinalia, kikadi kinafungwa, lita zinaandikwa. Muulize fundi, atakwambia dreni ya kujifungua yenyewe iliziba kwa kutu na mafuta zamani, spea haikuletwa, akaifungua ya mkono kidogo ili maji yatoke. Maji kiasi gani? Ukiwa Mombasa, hewa ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ina gramu 24 hivi za mvuke. Kompresa inayovuta mita 10 za ujazo kwa dakika inaingiza zaidi ya lita 14 za maji kwa saa, na upepo ukishashinikizwa hadi bar 7 na kupoa hadi nyuzi 35, kama lita 11 kati ya hizo haziwezi kubaki mvuke. Kila saa. Usipoyatoa kwenye dreni yatatokea kwenye silinda ya mashine ya kufungasha, au kwenye rangi ya bidhaa. Fundi aliyeifunga ile valvu kwa kutii kikadi atatafutwa zamu ya usiku.

Dawa hapo ni dreni mpya, wala simtetei anayeiacha valvu wazi kwa miaka. Ila hilo ni suala la ununuzi na spea, na orodha ya matundu inaligeuza kuwa kosa la mtu wa zamu. Vivyo hivyo na mpira uliofungwa blada kwenye mpasuko, fundo juu ya fundo. Mkaguzi anaona uchafu. Mimi nikiiona blada najua mtu alilisikia tundu, akalijali, akaenda stoo kuomba mpira na klipu, akaambiwa asubiri oda. Kampeni za "wafunzwe kuripoti uvujaji" huwa zinamfundisha mtu huyohuyo.

Je, basi matundu yaachwe? Hapana, na hapa ndipo sikubaliani na meneja anayeitupa ripoti nzima. Hesabu ileile inayoishusha ahadi ya mkaguzi inaweza kuipandisha. Chukua kiwanda chenye kompresa mbili za kilowati 75 za aina ile ya kwanza, kila moja ikibeba mzigo asilimia 55 ya muda. Pamoja zinakula kilowati 103 hivi. Punguza uvujaji kwa kiasi kilekile, asilimia 20 ya uwezo wa kompresa moja, na mahitaji yote yanashuka hadi asilimia 90 ya kompresa moja. Ya pili unaizima kabisa, inabaki akiba. Iliyobaki inakula kama kilowati 70. Umeokoa kilowati 33, zaidi ya mara mbili ya zile 15 za ripoti.

Upepo uliookolewa ni uleule, na thamani yake imebadilika kutoka kilowati 4.5 hadi 33 kutegemea kinachotokea chumba cha kompresa. Jedwali la ripoti linampa meneja 15 katika hali zote, na kwa hiyo linamdanganya kwa pande zote mbili: mwenye kompresa moja ya zamani anaahidiwa mengi, mwenye mbili zinazokimbia nusu nusu anaahidiwa kidogo, tena hakuna anayemwambia kwamba sharti la akiba yake ni mtu kwenda kubonyeza swichi ya kompresa ya pili na kuiacha imezimwa. Nimeona kiwanda kilichoziba kwa bidii sana na kompresa zote mbili zikaendelea kunguruma, "just in case" ya kiswahili ikiwa ni "ziacheni tu, zisije zikatuangusha".

Sheria nayo, kwa nia njema, inaongeza tatizo. Ikiwa lazima utekeleze nusu ya akiba iliyoorodheshwa, na akiba ya matundu imekuzwa, basi kuziba matundu ndiyo njia ya bei rahisi ya kuifikisha nusu hiyo kwenye karatasi. EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, inaonyeshwa uniti zilizookolewa ambazo Kenya Power haikuacha kuziuza. Tangi dogo, dreni zilizokufa na mfumo wa kuendesha kompresa vinasogezwa hadi ukaguzi unaofuata.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji kifaa cha kunasa sauti wala mtaalamu wa kutoka nje. Jumapili mashine zote zikiwa zimezimwa, acha kompresa ishikilie presha ya laini, kisha upime kwa saa ya simu muda inaobeba mzigo na muda inaokimbia tupu. Rudia mara kadhaa. Ikibeba sekunde 90 na kupumzika 210, asilimia 30 ya uwezo wake inaishia kwenye matundu. Fundi wa zamu anaweza kufanya hivyo kila mwezi na kuandika kwenye daftari, na namba hiyo, ikisomwa sambamba na mita ya umeme iliyofungwa kwenye kompresa yenyewe, inasema kama kazi ya mwezi uliopita ilishika au matundu yamerudi. Kifaa cha kunasa sauti kinafuata baadaye, kutafuta mahali, maana kazi yake hasa ni hiyo. Lita kwa dakika zinazotokea kwenye kioo chake ni makadirio yanayotokana na ukali wa sauti, na kinaweza kulia hata kwa upepo unaopulizwa kwa kazi halali.

Mkaguzi ajaye akileta jedwali lake, meneja ana haki ya kumrudishia kwanza na maswali mawili: ni kompresa ipi itakayozimwa matundu haya yakizibwa, na saa ngapi? Kama jibu ni kwamba hakuna itakayozimwa, ile safu ya shilingi ipigwe hesabu upya mbele ya fundi.