Kikao cha Wazi, Uamuzi wa Chumbani: Mipaka ya Sheria ya Marekani

Migogoro mingi ya serikali za mitaa nchini Marekani huanza na jambo ambalo halihusiani hata kidogo na taratibu za vikao. Wakazi wanapinga shule yao kufungwa, au shamba la jirani kugeuzwa eneo la maghala, au fedha za mji kuwekwa katika uwanja wa michezo. Wanafika ukumbini, wanasema kwa dakika chache walizopewa, kura inapigwa, wanashindwa. Kesho yake wakili wao anapekua sheria akitafuta pa kushikia, na mara nyingi anachokipata ni kwamba ajenda ilichelewa kubandikwa, au kwamba madiwani walikwishakubaliana kabla ya kuingia kikaoni. Kesi ya shule inageuka kesi ya tangazo. Naamini sheria za vikao vya wazi ni miongoni mwa kinga bora alizonazo mwananchi wa kawaida mbele ya baraza lake, lakini zinalinda njia ya kufikia uamuzi, si uamuzi wenyewe, na tofauti hiyo huwaumiza watu wanaoigundua wakiwa tayari mahakamani.

Majimbo yote 50 yana sheria ya aina hii. Ile ya California, inayojulikana kwa jina la mbunge wa jimbo hilo, Ralph M. Brown, ilipitishwa mwaka 1953 baada ya gazeti la San Francisco Chronicle kuchapisha mfululizo wa makala kuhusu mabaraza yaliyokuwa yakiamua mambo ya umma kwa siri. Florida ilifuata mwaka 1967, na New York mwaka 1976. Msingi wake unafanana: wajumbe wakitimia idadi inayotajwa na sheria wasijadili shughuli za umma isipokuwa hadharani, na wananchi wapewe taarifa mapema, ambayo kwa kikao cha kawaida California ni saa 72. Milango hufungwa kwa mambo machache tu, kama vile mashauri yaliyoko mahakamani, masuala ya watumishi na majadiliano ya bei ya ardhi. California pia inakataza wajumbe walio wengi kujadiliana mmoja baada ya mwingine kwa simu, kwa barua pepe au kupitia mtu wa kati.

Ugumu unaanza pale kosa linapothibitika. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Florida ilifuta mpango wa matumizi ya ardhi wa mji wa Palm Beach kwa sababu kamati ya wananchi iliyoundwa na baraza kuuandaa ilikutana faraghani, na ilisema wazi kwamba baraza kuupokea mpango huo kwa kutimiza desturi tu hakutoshi. Watu wengi wanaikumbuka hukumu hiyo na kusahau ya mwaka 1981, ambapo mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba kosa la faragha linaweza kuponywa endapo baraza litalijadili jambo upya na kwa ukamilifu mbele ya umma. Mwaka 2010, katika mgogoro wa Sarasota kuhusu uwanja wa mazoezi wa timu ya besiboli ya Baltimore Orioles, iliona kwamba makosa yoyote ya barua pepe yalikwisha kurekebishwa na vikao vya wazi vilivyofuata. New York ni ngumu zaidi kwa mdai, kwani tangu mwaka 1978 mahakama yake ya juu kabisa imeshikilia kwamba si kila ukiukaji unaofuta uamuzi. Lazima ionyeshwe sababu ya msingi. California nayo humtaka mdai aandike kwanza barua ya kulitaka baraza lirekebishe kosa, na baraza hupewa siku 30 kufanya hivyo.

Anayesikiliza rekodi ya kikao cha marekebisho ataufahamu udhaifu wenyewe. Karani anasoma namba ya ajenda. Mwanasheria wa mji anaeleza kwa sentensi mbili kwamba jambo hili limerudishwa mezani kwa tahadhari. Mwenyekiti anauliza kama kuna mjumbe mwenye la kusema, kunakuwa kimya, kisha majina yanaitwa na kura zinatoka kama zilivyotoka mara ya kwanza. Aliyelipa ada za wakili ili afike hapo amepata alichopewa na sheria. Hakupata kujua kilichosemwa faraghani, na hicho ndicho alichokuwa akikitafuta.

Hata hivyo, hoja za upande wa pili ni nzito. Florida, wajumbe wawili tu wa baraza moja hawaruhusiwi kujadili faraghani jambo linalotarajiwa kuamuliwa na baraza lao. Mjumbe mgeni anayetaka kumuuliza mwenzake mkongwe swali la msingi kuhusu bajeti lazima aliulize mbele ya kamera, na wengi huamua kutouliza. Pengo hilo hujazwa na meneja wa jiji, ambaye hakuchaguliwa na mtu: yeye anaruhusiwa kupita ofisi moja hadi nyingine akiwaeleza wajumbe mmoja mmoja, ilimradi asibebe maoni ya huyu kumpelekea yule. Sheria iliyokusudiwa kuwapa wapiga kura nguvu juu ya wawakilishi wao ikaishia kuhamisha sehemu ya nguvu hiyo kwa mtendaji wa kuajiriwa. Silioni hilo kuwa jambo dogo. Isitoshe, mshindani wa kibiashara anaweza kuishika dosari ya tangazo na kuchelewesha mradi kwa miezi mingi bila kujali hata chembe uwazi wenyewe.

Kuna pia wanaodhani kikao cha wazi ni kikao cha kusikilizwa. Sivyo. Mwaka 1984, katika shauri lililotoka Minnesota, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Katiba haimpi mwananchi haki ya kusikilizwa na chombo kinachotunga sera. Kule Pensacola, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2010 kwamba sheria ya Florida inatoa haki ya kuhudhuria bila haki ya kusema, na ikabidi bunge la jimbo liongeze haki hiyo kwa sheria mpya mwaka 2013.

Kuongeza adhabu za jinai kunavutia, ila Texas imeonyesha hatari yake: mwaka 2019 mahakama ya juu ya jinai ya jimbo ilikifuta kifungu kilichowalenga wajumbe wanaokutana kwa makundi madogo ili kuikwepa akidi, kwa kuwa hakikueleza kwa uwazi wa kutosha kinachokatazwa. Bunge likalazimika kukiandika upya mwaka huo huo.

Mimi ninaona njia ya Illinois inafaa kuigwa kwanza. Tangu mwaka 2004, mabaraza ya huko yanatakiwa kurekodi kwa sauti au video kila kikao cha faragha, na mgogoro ukitokea jaji anaweza kuisikiliza rekodi akiwa peke yake kabla ya kuamua kipi kitolewe. Mjumbe anabaki na nafasi ya kuzungumza kwa uhuru kuhusu shauri au bei ya ardhi, huku akijua kwamba akitoka nje ya mada iliyoruhusiwa kuna ushahidi. Ningeongeza sharti moja: baraza linalorudia kura ili kuponya kosa lieleze kwanza, kwa maandishi, nani alizungumza na nani na kuhusu nini. Rekodi haitanasa simu ya usiku kati ya wajumbe wawili, na kwa simu hiyo bado mwananchi atategemea barua pepe iliyosahaulika kufutwa, au mjumbe wa tatu aliyekataa kunyamaza.